Serva ya Ofisi Ndogo Mpakani: Kuiweka, Kuitunza na Kuirejesha Siku Inapoharibika

Trela linapofika Malaba kutoka bandari ya Mombasa, karatasi zake huwa zimelitangulia. Ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena huwa zimeshapigwa skani, zikatumwa kwa wakala wa forodha na kuingizwa katika mfumo wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Mwaka wa 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Februari 24, 2018, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Tangu hapo sehemu kubwa ya kazi ya mpaka imehama kutoka kwenye dirisha la karani na kuingia ndani ya kompyuta.

Mabadiliko hayo yamerahisisha kazi, lakini yameleta hatari mpya. Kompyuta moja iliyobeba karatasi zote ikiungua, mzigo hukwama. Dereva hulala ndani ya trela, mwenye mali hulipia siku za ziada, na ikiwa mzigo ni nyanya, mayai au samaki, hasara haisubiri fundi. Mwenye duka la jumla mjini Busia yuko katika hatari iyo hiyo: daftari la wadeni likipotea, hakuna ajuaye nani anadaiwa nini.

Somo hili linaeleza jinsi ofisi ndogo inavyoweza kuweka serva yake na kuisimamia bila gharama kubwa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: thamani ya serva haionekani siku inaponunuliwa. Huonekana siku inapoharibika, mwenye ofisi anapojua iwapo faili zake zitarudi au hazitarudi. Kwa hiyo kila hatua iliyoelezwa hapa inaielekea siku hiyo.

Serva ni nini, na nani anaihitaji?

Serva ni kompyuta inayowahudumia wengine. Haikaliwi na mfanyakazi mmoja. Huwashwa mchana na usiku, hutunza faili za ofisi nzima, na kila mfanyakazi huzifungua kutoka kwenye meza yake. Si lazima iwe mashine kubwa ya kutisha. Kompyuta ya kawaida ya mezani iliyo nzima, hata iliyotumika, inaweza kuifanya kazi hiyo ikipewa diski mpya na kuwekwa mahali panapofaa.

Ofisi yenye kompyuta moja au mbili haihitaji serva. Inahitaji diski ya nje na mazoea mema ya kunakili faili. Lakini zipo dalili tatu zinazoonyesha kwamba wakati wa serva umefika. Ya kwanza, ankara moja iko katika flashi tatu na hakuna ajuaye ipi ni ya mwisho. Ya pili, mfanyakazi akiwa likizo, kazi yake husimama kwa sababu faili ziko ndani ya kompyuta yake. Ya tatu, mfanyakazi akiacha kazi, faili za wateja huondoka naye.

Ieleweke pia serva hii haifanyi nini. Haichukui nafasi ya mfumo wa forodha wa KRA, wala mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS. Mifumo hiyo iko kwenye kompyuta za serikali na hufikiwa kwa intaneti. Serva ya ofisi hutunza kile ambacho ofisi yenyewe inapaswa kuwa nacho: nakala za hati, barua, hesabu, majina ya wateja na kumbukumbu za mizigo iliyopita.

Hesabu kwanza, nunua baadaye

Makosa mengi huanzia dukani. Mwenye biashara huuziwa mashine kubwa kuliko kazi yake, kisha hukosa fedha za kununua diski za akiba. Njia bora ni kuanza na hesabu.

Chukua mfano wa ofisi ya wakala wa forodha yenye wafanyakazi sita. Tuseme hushughulikia mizigo 30 kwa siku, kila mzigo una kurasa 15, na kila ukurasa uliopigwa skani ni kilobaiti 200. Kila mzigo utachukua megabaiti 3, na siku nzima itachukua megabaiti 90. Kwa siku 300 za kazi, mwaka mzima ni gigabaiti 27. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka wa 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kwa miaka hiyo 5, ofisi hii itahitaji gigabaiti 135.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba diski ya terabaiti 1 inatosha na kubaki. Fedha zinazosalia zinunue diski nyingine mbili za nje za kuwekea akiba, na UPS, yaani betri inayoishikilia kompyuta stima inapopotea.

Gharama ya stima nayo ihesabiwe. Mashine inayotumia wati 60, ikiwashwa saa 24 kwa siku 30, hutumia takriban yuniti 43 kwa mwezi. Mashine ndogo ya wati 15 hutumia takriban yuniti 11. Kwa ofisi ndogo, tofauti hiyo ni fedha zinazoonekana.

Mahali, stima na radi

Serva isiwekwe chini sakafuni. Wakazi wa Bunyala wanajua maji ya Mto Nzoia yanavyoingia ndani ya nyumba, na hata mjini mvua moja kubwa inaweza kuingiza maji dukani kupitia mlangoni. Rafu iliyo juu ya magoti inatosha. Isiwekwe pia dirishani ambako jua la mchana linapiga, wala karibu na mlango unaotazama barabara ya matrela. Vumbi huziba feni, feni ikiziba joto hupanda, na joto hufupisha maisha ya diski. Chumba chenye kufuli ni bora, kwa maana mwizi akiondoka na serva ameondoka na ofisi.

Stima ya ghafla ni adui mkubwa. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Lakini hata kukatika kwa sekunde chache kunaweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo. UPS haikusudiwi kuendesha ofisi hadi jioni. Kazi yake ni kuipa serva dakika chache za kujizima kwa utaratibu. UPS nyingi huunganishwa na serva kwa waya wa USB, na fundi anaweza kuipanga serva ijizime yenyewe betri inapokaribia kwisha. Mpangilio huo usipofanywa, UPS itachelewesha tu ajali ile ile.

Kuna pia radi. Eneo hili lililo jirani na Ziwa Victoria hupata ngurumo nyingi, na radi haihitaji kupiga nyumba yenyewe ili iunguze vifaa. Nguvu yake hupita katika nyaya za stima na katika waya wa mtandao unaotoka nje. Fundi wa umeme mwenye leseni akague kama arthi ya jengo inafanya kazi kweli, kwa sababu soketi yenye matundu matatu si ushahidi kwamba arthi ipo. Waya wa mtandao unaopita nje, kwa mfano kutoka dukani kwenda kwenye ghala, nao uwekewe kinga. Katika mvua ya ngurumo, diski ya akiba isiachwe imechomekwa.

Mtandao wa ndani na namba zake

Kila kifaa katika mtandao kina namba yake, kama nyumba katika mtaa. Mitandao ya ndani mara nyingi hutumia namba zinazoanza na 192.168. Kifaa kinachotoa namba hizo kwa kawaida ni ruta, ile iliyoletwa na kampuni ya intaneti.

Kompyuta za wafanyakazi zinaweza kupewa namba yoyote na ruta. Serva na printa, hapana. Zinapaswa kuwa na namba zisizobadilika, kwa sababu kila mtu anazitafuta. Mpango rahisi ni huu: ruta iwe 192.168.10.1, serva iwe 192.168.10.2, printa iwe 192.168.10.3, na ruta igawie kompyuta nyingine namba kuanzia 100 hadi 150. Mpango huo uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la serva.

Wapo wafanyabiashara wenye ofisi mbili, moja Busia na nyingine Malaba. Hao wasiache ruta zote mbili na namba zilizotoka nazo kiwandani. Siku watakapotaka kuziunganisha ofisi hizo, namba zitagongana, kama barua mbili zenye sanduku la posta moja. Busia ipewe 192.168.10 na Malaba ipewe 192.168.20 tangu siku ya kwanza. Kazi hiyo ni ya dakika kumi leo, lakini baada ya miaka miwili itakuwa kazi ya siku nzima.

Serva iunganishwe na ruta kwa waya, si kwa Wi-Fi. Wageni na madereva wanaoomba intaneti wapewe Wi-Fi yao ya kando, ambayo ruta nyingi za sasa zinaweza kuitoa. Mtu aliyekuja kusubiri karatasi zake hana sababu ya kuwa katika mtandao mmoja na hesabu za ofisi.

Hapa mpakani kuna jambo jingine la kuangaliwa. Modemu yenye laini ya simu inaweza kushika mnara wa Uganda bila mtu kujua, na ofisi ikatozwa gharama za romingi. Modemu inayokaa ofisini izimwe romingi na ifungwe kwenye mtandao mmoja wa Kenya.

Programu na watumiaji

Zipo njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kutumia Windows ya mezani na kushiriki folda. Ni rahisi kuielewa, lakini huruhusu miunganisho 20 tu kwa wakati mmoja, na inahitaji leseni halali. Ofisi inayofuata njia hii ihakikishe Windows yake bado inapata marekebisho ya usalama. Kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025.

Njia ya pili ni Linux, ambayo haina malipo ya leseni. Ubuntu Server ni mfano mmoja. Toleo lake la 24.04, lililotoka Aprili 2024, lina miaka 5 ya marekebisho ya kawaida. Programu iitwayo Samba huiwezesha serva ya Linux kuonekana kwenye kompyuta za Windows kama folda ya kawaida, na mfanyakazi haoni tofauti. Anayechagua njia hii ahakikishe kuna mtu wa karibu anayeielewa, maana programu ya bure isiyo na mtu wa kuitunza hugeuka kuwa ghali.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingilia na nywila yake. Ofisi inayotumia jina moja kwa watu wote haiwezi kujua nani alifuta faili, wala haiwezi kumfungia nje aliyeacha kazi bila kuwasumbua waliobaki. Folda nazo zigawanywe kwa kazi. Wahudumu wa mizigo wafungue folda ya mizigo. Mhasibu afungue ya hesabu. Mishahara na nakala za vitambulisho zionwe na mwenye ofisi na mtu mmoja mwingine.

Kanuni ni moja: mtu apewe anachohitaji kwa kazi yake, basi. Kumnyima mfanyakazi folda asiyoihitaji si kumshuku. Siku faili inapopotea, kanuni hiyo ndiyo itakayomwondolea lawama.

Nywila kuu ya msimamizi isijulikane na mtu mmoja peke yake. Ofisi inayomtegemea fundi wa nje mara nyingi hugundua, baada ya fundi kuhamia Eldoret au Nairobi, kwamba ni yeye tu aliyeijua. Nywila hiyo iandikwe, itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu, kisha ifungiwe na mwenye biashara pamoja na hati nyingine muhimu. Ikibadilishwa, bahasha nayo ibadilishwe.

Saa ya serva pia iwe sahihi. Kenya na Uganda hutumia saa moja, kwa hiyo mpaka hauleti tatizo. Lakini mashine iliyozimwa muda mrefu huku betri yake ndogo ya ndani imekufa inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine. Tovuti salama zitakataa kufunguka na tarehe za faili zitavurugika. Serva ipangwe kuchukua saa kutoka kwenye intaneti.

Akiba haiozi: nakala tatu

Hii ndiyo sehemu ambayo ofisi nyingi huiahirisha, ilhali ndiyo kiini cha kazi yote. Kanuni inayofuatwa na mafundi duniani kote ni rahisi: kila faili iwe na nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na moja iwe nje ya jengo.

Nakala ya kwanza ni ile iliyo ndani ya serva. Ya pili iko kwenye diski ya nje inayochomekwa jioni, ikanakili, kisha ikachomolewa. Ya tatu hukaa mahali pengine. Ofisi ya Malaba inaweza kuweka diski yake katika tawi la Busia, na ya Busia ikawekwa Malaba, zikibadilishana kila wiki. Diski inayosafiri ifungwe kwa nywila, ili ikisahauliwa kwenye matatu, aliyeiokota asiweze kusoma kitu.

Wengine huuliza kama diski mbili ndani ya serva moja, zinazoandika kitu kile kile kwa pamoja, hazitoshi. Mpangilio huo huitwa RAID, na una faida: diski moja ikifa, kazi inaendelea. Lakini hiyo si akiba. Mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba mashine, amebeba zote mbili.

Nakala inaweza pia kutumwa kwa intaneti, ila kasi ihesabiwe kwanza. Kwa laini inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 100 zitachukua takriban saa 44. Kwa upande mwingine, megabaiti 500 za mabadiliko ya siku moja zitachukua takriban dakika 13. Kwa hiyo laini ndogo inaweza kubeba mabadiliko ya kila usiku, lakini si rahisi kuirejesha ofisi nzima kupitia laini hiyo wakati trela linasubiri. Diski iliyo karibu bado inahitajika.

Yaliyotokea Mei 12, 2024 ni somo kwa wanaotegemea intaneti pekee. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Kenya, Uganda, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, ofisi yenye serva ya ndani huendelea kufungua faili zake, wakati ile iliyoweka kila kitu mbali hubaki kusubiri.

Kuufunga mlango wa nje

Mei 12, 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache. Ilizifunga faili za kompyuta na kudai malipo ili zifunguliwe. Nchini Uingereza hospitali nyingi zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huo, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoathirika ni zile ambazo hazikuwa zimewekewa marekebisho hayo.

Ofisi ndogo mpakani inaweza kupatwa na jambo hilo hilo, kwa sababu programu hizi hazichagui. Mambo manne hupunguza hatari.

Kwanza, marekebisho ya programu yawekwe kila mwezi bila kukosa. Pili, serva isifunguliwe moja kwa moja kwenye intaneti ili mwenye ofisi aifikie akiwa safarini. Njia ya kuifikia kwa mbali iwe ya VPN, ambayo hupitisha mawasiliano katika njia iliyofungwa na kumtaka mtu ajitambulishe kabla ya kuingia. Tatu, nywila ya ruta iliyotoka kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza. Nne, wafanyakazi wafundishwe kutofungua kiambatisho cha barua pepe wasichokitarajia, hata kikijiita ankara au taarifa ya mzigo. Katika ofisi ya forodha, ambako viambatisho huingia mchana kutwa, huo ndio mlango ulio wazi zaidi.

Hapa ndipo inapoonekana kwa nini diski ya akiba huchomolewa. Programu inayofunga faili hufunga kila inachokiona. Diski iliyochomolewa haionekani.

Sheria inasemaje

Anayetunza nakala za vitambulisho, pasipoti na namba za simu za wateja anatunza data za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka azikusanye kwa sababu halali, azilinde na asizitumie kwa jambo jingine. Data zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data inapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu kugunduliwa.

Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujisajili na ofisi hiyo, isipokuwa katika sekta zilizotajwa na kanuni, zikiwemo afya, elimu, huduma za kifedha na uchukuzi. Msamaha huo ni wa kujisajili tu. Wajibu wa kulinda data uko pale pale kwa biashara ndogo na kubwa.

Ratiba ya msimamizi

Serva haihitaji mtu wa kuikalia siku nzima. Inahitaji mtu mmoja mwenye jina, anayejua kwamba kazi hiyo ni yake, na wa pili wa kumshikia nafasi. Ratiba ifuatayo inatosha kwa ofisi nyingi.

Kila jioni: kuchomeka diski ya akiba, kuhakikisha unakili umekamilika bila ujumbe wa hitilafu, kisha kuichomoa na kuifungia.

Kila wiki: kupeleka diski moja nje ya jengo na kurudisha nyingine, kuangalia nafasi iliyobaki kwenye serva, kusikiliza feni na kugusa mashine kama ina joto lisilo la kawaida.

Kila mwezi: kuweka marekebisho ya programu baada ya saa za kazi, kukiwa na nakala mpya mkononi, kupitia orodha ya watumiaji na kufunga majina ya walioondoka, kuchomoa UPS ukutani kwa dakika moja, akiba ikiwa imekwisha kunakiliwa na faili zimefungwa, ili kuona kama betri inashika.

Kila mwaka: kupuliza vumbi ndani ya mashine ikiwa imezimwa, kumwita fundi wa umeme akague arthi, na kuamua iwapo diski zilizozeeka zibadilishwe kabla hazijafa.

Mfanyakazi anapoacha kazi, jina lake lifungwe siku hiyo hiyo, hata kama ameondoka kwa heri.

Yote yanayofanyika yaandikwe kwenye kaunta buku: tarehe, kilichofanywa na aliyefanya. Kitabu cha karatasi kinafaa zaidi hapa, kwa sababu kitasomeka siku serva imezimika.

Jaribio la kurejesha

Akiba ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Diski inaweza kuchomekwa kila jioni kwa mwaka mzima, kumbe ilijaa mwezi wa tatu na hakuna aliyesoma ujumbe wake.

Angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, msimamizi achague alasiri isiyo na kazi nyingi, kama vile Jumamosi. Achukue diski ya akiba na kompyuta ambayo si serva. Atafute faili tatu: ya zamani kuliko zote, ya jana, na iliyo kubwa kuliko zote. Azifungue na kuzisoma, asitosheke na kuona majina yake. Kisha aandike kwenye kaunta buku ilichukua muda gani.

Mara moja kwa mwaka ajaribu jambo kubwa zaidi: kujifanya kana kwamba serva imeibwa. Je, ofisi ingefungua Jumatatu? Kompyuta ipi ingekuwa serva ya muda? Nywila ziko wapi? Nani angepigiwa simu? Kila swali lisilo na jibu ni kazi ya wiki inayofuata. Ofisi iliyofanya zoezi hili inajua muda wake wa kurejea kazini, uwe saa nne au siku mbili, na inaweza kumwambia mteja ukweli.

Pa kuanzia

Ambaye hana fedha za serva leo anaweza kuanza na vitu viwili: diski moja ya nje na kaunta buku moja. Anakili faili zake jioni hii, achomoe diski, aandike tarehe, na kesho ajaribu kufungua faili moja kutoka kwenye diski hiyo katika kompyuta nyingine. Baadaye atakaponunua mashine, sehemu ngumu zaidi ya kazi itakuwa imeshakuwa mazoea.

Vijana waliosomea kompyuta katika vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya eneo hili wanaweza kuifanya kazi hii wakipewa nafasi. Anayewaajiri awape somo hili kama orodha ya kazi, na kabla ya kulipa aombe kuonyeshwa mambo matatu: karatasi ya namba za mtandao, bahasha ya nywila, na faili moja iliyorejeshwa mbele ya macho yake kutoka kwenye diski ya akiba.